Nikikutazama Sikusikii

"Fundi mwenye kochi jekundu mbele ya mlango namba tatu, tafadhali liondoe. Abiria wamekuja kupanda treni, hawakuja kununua samani. Narudia: fundi mwenye kochi jekundu mbele ya mlango namba tatu, tafadhali liondoe."

Ukumbi mzima wa stesheni uligeuka kumtafuta huyo fundi, wala haukuhangaika kumpata. Alikuwa amelikalia hilo hilo kochi, miguu ameinyoosha, chupa ya maji mkononi, anafuta jasho kwa kiwiko. Kijana mrefu, ovaroli la buluu, penseli nyuma ya sikio, vumbi la sponji kichwani utadhani mvi. Yeye na mwenzake walikuwa wamelishusha kochi garini ili likawekwe kwenye chumba cha kusubiria. Mwenzake akaenda kutafuta ufunguo, naye akasema ngoja apumue kidogo. Sasa watu na mabegi yao walikuwa wamekwama nyuma yake, wanamkodolea macho.

Aliruka, akalishika kochi peke yake, akaliburuta mpaka pembeni. Sauti ikashuka tena kutoka juu, nyororo, haina haraka: "Asante, fundi. Polepole na mgongo wako, bado tunauhitaji." Ukumbi ukaangua kicheko.

Fundi akapanda ngazi kumtafuta mwenye sauti. Alijiambia anakwenda kulalamika. Uongo mtupu! Mtu anayekwenda kulalamika hasimami mbele ya kioo cha duka kujipangusa vumbi kichwani na kukunjua kola.

Chumba cha matangazo kilikuwa chembamba, kimening'inia juu ya ukumbi, na ukuta wake wa mbele ulikuwa kioo kitupu kinachotazama reli. Humo mlikuwa na meza, kipaza sauti, feni ndogo inayolalamika, na msichana aliyevaa gauni la kijani la mikono mirefu, nywele kazisuka zote nyuma, vipokea sauti kavitundika shingoni.

"Wewe ndiye uliyenitangaza?"

"Wewe ndiye kochi jekundu." Hakugeuka. Alikuwa anatazama treni iliyokuwa inaingia.

"Nina jina, dada."

"Kila mtu analo. Jina halikuziba mlango."

Fundi alicheka mpaka akasahau alichojia. Ndipo msichana akazungusha kiti chake, lakini macho yake hayakufika usoni. Yalitua kwenye bega la kushoto la Fundi, yakakaa hapo.

"Kuna nini begani?" Fundi akajigusa.

"Uzi. Mwekundu."

Kweli, uzi ulikuwapo. Akautoa, akafurahi kwamba amepata msichana makini. Kabla ya kuondoka akaomba namba ya simu. Eti siku nyingine akitaka kuweka kochi mlangoni aombe ruhusa mapema. Msichana akampa, macho yakiwa bado begani ambako hakukuwa tena na uzi wowote.

Mapenzi yao yalianzia kwenye simu, na kwenye simu msichana yule alikuwa moto. Fundi alimpa jina la Kipaza, naye akalipokea kama taji. Kwenye karakana yake, katikati ya mbao, misumari na marobota ya vitambaa, Fundi alijifunza kupigilia kwa mkono mmoja, simu imebanwa shingoni.

"Unafanya nini, Kipaza wangu?"

"Napeleka watu makwao. Wewe?"

"Natengeneza pahala pa kukaa watakapofika."

"Basi tunafanya kazi kampuni moja."

"Mshahara wangu uko wapi?"

"Umeshaupokea. Si unanisikiliza bure? Wengine hukata tiketi."

Ana kwa ana mambo yalikuwa mengine. Kwenye mgahawa wa pembeni mwa stesheni, Kipaza alitazama kijiko. Alitazama mlango. Zaidi ya yote alitazama vifungo vya shati la Fundi, kimoja baada ya kingine, kama anavikagua. Maneno yake yalikuwa matamu vile vile, ila macho hayakuja. Fundi akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akanunua shati jipya, akanunua na jingine. Akaenda kwa kinyozi kabla ya wakati wake. Akapaka manukato mpaka mwenzake wa karakanani akafungua dirisha. Macho yalibaki kwenye vifungo.

Jumapili moja, kwenye benchi la bustani ya manispaa, uvumilivu ukamwisha.

"Kipaza, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza. Nikikasirika nitakwambia."

"Kuna mwanaume mwingine?"

"Yupo. Nyuma yako, anauza karanga."

"Sitanii, mpenzi. Kwenye simu unanimaliza. Tukikaa hivi hunitazami hata mara moja. Nimenunua mashati kwa ajili yako mpaka kabati halifungiki."

Kipaza alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe ndiyo maana! Nami nasema huyu lazima kapata tenda kubwa." Kisha kicheko kikatulia, akazikunja pindo za gauni lake magotini, akasema bila kuremba: "Nina usonji. Unajua ni nini?"

"Nimewahi kusikia redioni. Si ni mambo ya watoto?"

"Watoto hukua, Fundi. Mimi ndiye huyu, nimekua."

 Kwa bahati Fundi aliufunga mdomo, na hiyo ndiyo ilikuwa akili yake kubwa siku hiyo.

"Macho ya mtu kwangu yana kelele," Kipaza aliendelea. "Sijui nisemeje vingine. Chukua redio tatu, kila moja iimbe la kwake, zifungulie mpaka mwisho, halafu katikati ya hizo mtu akwambie jambo la maana. Ndivyo ninavyokuwa nikikutazama machoni. Mengi yananijia kwa mpigo, kifua kinanibana, maneno yako yanapotea. Nikikutazama sikusikii. Lakini nikitazama hicho kifungo chako, nasikia mpaka unavyomeza mate kabla ya kudanganya."

"Lini nimekudanganya?"

"Uliposema chai niliyokupikia tamu."

"Ilikuwa..." Fundi akameza mate.

"Hayo sasa!" Kipaza akapiga makofi. Halafu akasema taratibu: "Shuleni mwalimu alikuwa ananishika kidevu. Nitazame ninaposema nawe! Namtazama. Anamaliza somo zima, mimi sijaambulia neno. Baadaye nikagundua ujanja: unatazama katikati ya nyusi, mtu anadhani unamtazama machoni. Nimefanya hivyo miaka mingi, kila jioni narudi nyumbani kichwa kinagonga kama kinataka kupasuka. Wapo wenye usonji wanaotazama bila tabu, wapo wanaojikaza, wapo kama mimi. Hatukufyatuliwa kwenye kalibu moja kama matofali. Ila kwako nimekataa kuigiza. Ukiona natazama kifungo, ujue nimekuja mzima mzima, sijaacha kitu nyumbani."

Fundi alikuwa amekaa upande upande ili amwone usoni. Aligeuka, akaegemea benchi, wakawa wanatazama upande mmoja.

"Haya, mimi nitazame wapi?"

"Popote. Yule muuza karanga ana kofia nzuri."

Wakaitazama kofia ya watu pale mpaka mwenyewe akaivua kuona ina nini. Nakwambia, siku hiyo Fundi alirudi karakanani akipiga mluzi, na shati moja kati ya yale mapya akampa mwenzake.

Kama mambo yangeishia kwenye benchi lile, tusingekuwa na hadithi. Fundi alikuwa na mama.

Mama alikuwa mjane aliyeuza vitambaa maisha yake yote, akawasomesha wanawe kwa mkasi na futi, na alikuwa na jambo moja la kujivunia kuliko duka lenyewe. "Mimi mtu namjua kwa macho," alikuwa akisema. "Akivuka kizingiti tu, nimeshajua kaja kununua au kaja kushika-shika." Sebule yake ilikuwa kazi ya mikono ya Fundi mwenyewe: makochi yamepangwa duara, yote yanatazamana, na kochi la mgeni limewekwa penye mwanga, ili kila aliyekaa amwone vizuri. Fundi alikuwa akilionea fahari duara lile. Siku alipomleta Kipaza, alimkalisha pale pale.

Kipaza alikuwa amependeza: blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, sketi ya rangi ya zambarau, hereni ndogo. Mama alikuwapo na miwani yake ya mnyororo. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwapo na shauku yake. Shemeji, mke wa kaka mkubwa, alikuwa anapita na sinia la vinywaji. Macho yote yalimkalia mgeni. Kipaza akayashusha yake kwenye maua ya zulia, akasikiliza. Mama alisimulia duka lake la kwanza lenye mlango wa bati, akasimulia na mteja wa kwanza aliyeingia kujikinga mvua, na kadiri alivyosimulia, ndivyo alivyozidi kuyaona yale macho yaliyoinama.

"Mnaona?" Mama akasema, uso umemng'aa. "Hajainua macho tangu aingie. Hii ndiyo haya ya mwanamke. Siku hizi unaipata wapi?" Kisha akaongeza sauti kidogo, kama mtu anayemsemesha asiyetajwa: "Wengine siku ya kwanza walikuja hapa wakatutumbulia macho, utadhani wanatupiga bei."

Shemeji alisimama na sinia lake katikati ya sebule. Glasi ziligongana kidogo, kisha zikatulia.

Kipaza alilisikia neno, na alizisikia glasi. "Mama, samahani," alisema wazi, kwa sauti ile ile inayojaza stesheni. "Hiyo si haya. Mimi nina usonji, na..."

"Ah, anatania!" Fundi akadakia, akacheka kicheko kikubwa kisicho na mwenyewe. "Huyu kwa utani, Mama, hamumwezi! Shemeji, tuletee na biskuti."

Shangazi akacheka. Mama akacheka. Kipaza hakucheka. Alimaliza kinywaji chake, akamshukuru kila mtu kwa nafasi yake, akamsaidia Shemeji kukusanya glasi, akachukua mkoba. Fundi akamfuata mbio mpaka kwenye ngazi za nje.

"Kipaza, mpenzi, ngoja..."

"Umenizima."

"Nilikuwa nataka tu..."

"Kazini kitufe cha kipaza sauti kiko mkononi mwangu. Hakuna mtu anayenizima. Wewe umenizima mbele ya mama yako, na umemwacha mke wa kaka yako apigwe kwa fimbo iliyotengenezwa kwa macho yangu." Alikuwa anatazama komeo la geti. Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Fundi. "Usinifuate. Treni ya jioni naijua mwenyewe."

Fundi alipiga simu asubuhi, haikupokelewa. Akapiga mchana, vivyo hivyo. Siku iliyofuata akajitafutia sababu ya kwenda stesheni, eti kuangalia mguu wa benchi, na benchi lilikuwa zima kabisa. Sauti ilikuwa inashuka kutoka juu kama kawaida: treni ya kaskazini, mlango namba mbili. Narudia, mlango namba mbili. Haikuwa na utani wala chumvi. Hata mchukuzi mmoja wa mizigo alimuuliza mwenzake kama dada wa matangazo anaumwa. Fundi alisimama chini ya kile kioo akatamani kulia. Hakupanda. Akapiga tena.

"Nakusikia," Kipaza akasema.

Fundi nusura aiangushe simu. "Umenikasirikia, mpenzi."

"Nilikasirika juzi. Leo nimechoka tu."

"Nisamehe. Niliogopa watakukataa."

"Kwa hiyo ukawapa mwingine wamkubali." Treni ikapiga honi chini. "Yule mwenye haya, asiyeinua macho, mpole kama maji ya mtungini. Mama yako kampenda sana. Sasa nani atakwenda kuishi pale? Mimi huyo dada simjui."

"Unataka nifanyeje?"

"Mwambie ukweli. Usimwambie kwa sauti ya msiba, na usiniombee huruma. Mwambie kama unavyomwambia mtu urefu wangu. Nikiingia nyumba ile, niingie mimi au nisiingie kabisa. Nakupenda, Fundi, wala sitaki kukuficha. Lakini miaka niliyotazama katikati ya nyusi za watu inanitosha, na nyumbani kwangu sitaifanya tena."

Akakata. Fundi alibaki ameshika simu, na kwa mara ya kwanza akaona wazi kwamba anaweza kumkosa mwanamke huyu, na kwamba atakayemkosesha ni yeye mwenyewe.

Alimkuta Mama anakunja vitambaa mezani, Shemeji anapiga deki ukumbini.

"Mama, yule binti si mwenye haya."

Kitambaa kikasimama hewani. "Unasemaje?"

"Anazungumza mbele ya stesheni nzima kila siku, na abiria akikosea anamchamba kwenye kipaza sauti. Hatazami watu machoni kwa sababu ana usonji. Alikwambia mwenyewe pale, na hakuwa anatania. Mimi ndiye nilikuwa mwoga, nikamziba mdomo."

"Kwa hiyo anaumwa?"

"Haumwi. Ndivyo alivyoumbwa. Macho ya watu yanamzidia, yanamfunika masikio. Akitazama pembeni ndipo anakusikia vizuri."

Mama akakaa. Kilichomuuma hakikuwa usonji, ambao hakuwa hata na picha yake kichwani. "Mimi? Maisha yangu yote dukani, nikosee macho ya mtu?"

"Umekosea, Mama." Fundi alisema bila kuzungusha. "Na ya Shemeji ulikosea pia."

Shemeji aliacha tambara ndani ya ndoo, akasimama mlangoni. Alimtazama mama mkwe wake moja kwa moja usoni, kama kawaida yake.

"Baba yangu alikuwa hasikii vizuri, Mama," alisema. "Kwetu ukisema na mtu bila kumtazama, hajui kama unamsemesha yeye. Tumekua hivyo wote."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama. Ulinitazama tu."

Mama aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Chakula cha jioni walikula bila yeye.

Asubuhi alitoka amevaa gauni lake la hariri, lile la kwenda kwenye mambo mazito, na pochi kwapani. Fundi akauliza anakwenda wapi. Akajibiwa kwamba mtu mzima haulizwi.

Zile ngazi za stesheni zilimtoa jasho. Kipaza alimwona kwenye kioo kabla hajabisha, akampisha kiti. Chumba kilikuwa chembamba mno, viti viwili vilikaa bega kwa bega na vyote vilitazama reli. Mama alijaribu kukigeuza chake ili amkabili mwenyeji. Kikagonga ukuta. Akajaribu tena, kikagonga meza.

"Hakigeuki, Mama," Kipaza akasema. "Wote tunaokaa hapa tunatazama treni."

"Nimekuja nikutazame vizuri, maana inaonekana mara ya kwanza sikukuona."

"Nitazame tu, sikatazi. Ila mimi nitatazama kule, ndipo nikusikie."

Mama akamtazama ubavuni: shavu, hereni ndogo, mikono iliyotulia juu ya meza. Hakuona cha kusoma. Ikambidi aulize.

"Siku ile, ulipoinamia zulia langu, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nakusikiliza. Ulisema duka la kwanza lilikuwa na mlango wa bati, mvua ikipiga hamsikilizani. Mteja wa kwanza aliingia kujikinga tu. Ukamwambia asimame mbali na vitambaa vyako asivilowanishe, akaona haya kukaa bure, akaondoka na mapazia ya nyumba nzima. Ukafunga duka mapema ukaenda kumwambia mume wako, ukamkuta amelala, ukamwamsha kwa kumfunika sarafu kifuani."

Hadithi ile Mama alikuwa ameisimulia tangu wanawe wakiwa wadogo. "Watoto wangu wananitazama machoni miaka yote hii," alisema, "na hakuna hata mmoja anayeweza kunirudishia hiyo. Ile ya sarafu walishaisahau."

"Ndiyo nzuri kuliko zote, Mama."

"Ndiyo nzuri kuliko zote," Mama akakubali. Treni ilikuwa inaingia, ndefu, imejaa vichwa madirishani. Akaendelea kusema huku anaitazama. "Mimi na marehemu tulikuwa tunasimama hivi hivi nyuma ya kaunta, bega kwa bega, tunatazama barabara. Mambo yote mazito ya ndoa yetu tuliyazungumzia pale. Hata siku aliyoniambia anaumwa, alikuwa anatazama nje. Sikumwona usoni, lakini namsikia mpaka leo."

Kipaza alisogeza kikombe chake cha chai mpaka mbele ya Mama, kisha akainua kidole kuomba radhi, akabonyeza kitufe. "Treni ya mashariki imewasili, mlango namba moja. Shukeni kwa utaratibu, ndugu abiria, stesheni haikimbii. Narudia..." Chini, wachukuzi wakacheka. Sauti ilijaa ukumbi, ikapanda mpaka kwenye mabati, na Mama akaisikia ikitetema kwenye kiti alichokalia.

"Sauti yote hii," Mama akasema, "ndiyo nilikuwa naiita haya?" Akacheka mpaka miwani ikateleza. Alipoinuka akaipangusa kwa ncha ya gauni. "Jumapili njoo. Na ulimi wako uje nao."

Jumapili duara lilikuwa limevunjwa. Fundi alishinda Jumamosi nzima akisukuma makochi. Mengine aliyaegemeza ukutani, mengine ubavu kwa ubavu, na mbele ya dirisha akaweka kochi jipya la watu wawili, alilolivisha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye kazi ya stesheni. Mishono yake ilikuwa imenyooka kiasi kwamba alikuwa akipita na kurudi kuitazama, na mimi simlaumu.

"Mbona mmepanga nyumba kama basi?" Shangazi akauliza alipoingia.

"Kaa, wifi, utazoea," Mama akamjibu.

Shangazi akakaa, akamwona Kipaza pale dirishani, ameinamia mkono wa kochi, anapitisha kidole kwenye mshono. "Oh, ndiye yule binti mwenye haya?"

Mama alijinyoosha. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo alionekana mrefu. "Haya? Nani, huyu? Huyu haya hana hata kidogo! Ana usonji, hatakutazama machoni, na usimlazimishe. Lakini kila utakalosema atalisikia lote na hatalisahau, kwa hiyo chunga mdomo wako. Hakuna treni inayoondoka mji huu kabla huyu hajasema." Kisha akamvuta Shemeji mkono, akamsimamisha kando yake. "Na huyu mwingine atakutazama mpaka utoboke. Ndivyo alivyolelewa kwao, na kalelewa vizuri. Nilichelewa kuuliza. Wote wawili ni wakwe zangu."

Shemeji hakuwa amezoea kusifiwa katika sebule ile. Alimtazama Mama machoni, na safari hii Mama naye akamtazama, wakatazamana hivyo mpaka Shangazi akakohoa.

"Mama," Fundi akasema kwa sauti ya chini, "mimi bado sijamwomba."

"Basi mwombe! Au unasubiri atangazwe?" Akawakusanya wanawake wote, akawapeleka jikoni. Mlango aliuacha wazi kwa makusudi.

Fundi alikaa kwenye kochi jekundu. Kipaza alikuwa kando yake, anatazama nje, ambako jirani alikuwa anaanika mashuka.

"Usinitazame," Fundi akasema.

"Sikuwa nakutazama."

"Najua. Leo nakuomba kabisa. Nataka unisikie yote."

Kipaza akatulia. Vidole vyake vikasimama juu ya mshono.

"Nilikuzima siku ile, na sitakuzima tena. Napenda unavyosema, napenda unavyonisikia kuliko nilivyowahi kusikiwa na mtu yeyote. Sihitaji macho yako yanihakikishie kitu. Nikiwa na wewe najiona mtu mkubwa, Kipaza, najiona nimeaminiwa. Nataka kukaa kando yako hivi mpaka sponji ya kochi hili iishe, nishone nyingine, tukae tena. Nioe... yaani, nikuoe. Utakubali?" Akameza mate, kwa nguvu, na yeye mwenyewe akajisikia.

"Umemeza mate," Kipaza akasema.

"Si uongo. Ni woga."

"Nimesikia tofauti yake." Mkono wake ukateremka kwenye kitambaa chekundu, ukaupata wa Fundi, ukaushika. Mashuka ya jirani yalikuwa yanapepea. "Ndiyo," akasema.

Jikoni, vijiko vilivyokuwa vinagongana vikanyamaza vyote. Kipaza akasikia kimya hicho, akatabasamu kuelekea dirishani, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti ya stesheni nzima.

"Narudia: ndiyo!"

"Tumesikia!" Mama akajibu kutoka jikoni, kwa sauti kubwa nayo, na jirani akaacha shuka likining'inia kwenye kibanio kimoja ili aone nyumba ile imepata nini.